Viatu Kwenye Mashine ya Mawese

Nisikilizeni mimi, maana habari za wifi yangu Veneranda kila mtu pale Kidahwe anazisimulia, na kila mtu anazikosea. Wapo wanaosema alirogwa. Wapo wanaosema alitegewa kitu njiani. Alirogwa na nani, jamani? Mimi Skolastika ndiye niliyekuwepo, mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na kiuno changu hadi leo kinakumbuka uzito wa yule mwanamke.

Veneranda aliolewa na kaka yangu Selestini, Mungu amrehemu. Kaka alipofariki alimwachia shamba la michikichi na mashine ya kukamulia mawese. Wanaume wa ukoo wakaanza kujipitishapitisha pale, wakidhani mjane ataogopa awaachie. Thubutu! Alijifunga kitenge kiunoni, akaishika kazi mwenyewe, na haukupita muda mawese yake yakawa yanaulizwa mpaka soko la Mwanga mjini Kigoma, ambako mimi nina cherehani yangu. Mtu akisema kwangu neno baya juu ya Veneranda, nguo yake haishonwi. Mimi kumsema naruhusiwa, ni wifi yangu.

Mashine yenyewe, kwa asiyeijua, ni pipa la chuma lililosimikwa ardhini, na juu yake umepitishwa mti mrefu. Chikichi zikishachemshwa zinamiminwa humo zingali za moto, kisha watu wanausukuma ule mti wakizunguka pipa, wanazunguka, wanazunguka, na mafuta mekundu yanachuruzika chini. Ardhi yote inalowa mafuta. Kwa hiyo pale kwa Veneranda kulikuwa na sheria tangu enzi za kaka: hakuna kuingia na viatu. Ndara zinateleza, na udongo wa barabarani ukiingia kwenye mafuta mteja anakurudishia dumu lako mbele za watu. Viatu vyote vinaachwa kwenye lundo mlangoni, na pembeni ya lundo hilo ndipo akina mama wanapokaa kubangua mise, zile kokwa ngumu za chikichi. Maganda yanaruka huku na huku, na yana makali ya kukata.

Basi wote tuliokwenda pekupeku pale tulikuwa tunachagua pa kukanyaga. Isipokuwa Veneranda. Yeye alipita juu ya maganda anaongea na watu, wala hatazami chini. Kuni ikichomoza jikoni, anairudisha motoni kwa kidole gumba cha mguu. Tukiona vile tunapiga makofi. Mzee Isaka, msukumaji wa zamani kuliko wote, alikuwa akimwamkia kila siku kwa utani, "Mwakeye, Mama Eva, miguu ya chuma!" Naye anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Aliipenda sana sifa hiyo.

Kisukari alikuwa nacho, na halikuwa jambo la siri. Vidonge anameza. Chai anakunywa chungu, amekunja uso, lakini anakunywa. Ugali anajipimia. Kwenye chakula hakuwa na mchezo, hilo nampa haki yake. Ila kule kliniki ya sukari, kila wakimwambia avue viatu waangalie nyayo, anawajibu, "Ugonjwa wenu uko kwenye damu. Miguu yangu iacheni, ni mizima kuliko yenu." Anachukua vidonge, huyo anaondoka.

Huo ulikuwa mwaka ambao vita vya Zaire vilimwaga watu ziwani. Ninyi mliokuwa watoto hamwezi kujua. Maboti yanafika Kibirizi yamejaa watu na magodoro, malori yanapita Kidahwe kutwa yakielekea makambini Kasulu, vumbi mpaka kwenye sahani. Na binti yake pekee Veneranda, Evaline, alikuwa ameolewa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Mumewe alikufa kwa ugonjwa kabla ya vita, na tangu bunduki zianze kulia kule hatukupata neno lake hata moja. Lori la wakimbizi likipunguza mwendo pale kijijini, Veneranda anaacha kazi, anakimbia barabarani mikono ikidondoka mafuta, anatazama nyuso moja moja mpaka lori liondoke. Kisha anarudi kwenye mashine.

Sasa siku hiyo, ah, siku hiyo! Dereva wa pikapu inayobeba mafuta yake alifika Kidahwe anapiga honi toka mbali. "Mama Eva! Kibirizi kuna mwanamke ameshuka kwenye boti, anasema yeye ni wa hapa, wa Selestini!" Veneranda aliutupa mwiko. Alikimbia mlangoni, akachomoa raba zake kwenye lundo la viatu, akazivaa hukuhuku anarukaruka, maana alisema hawezi kukutana na mwanawe miguu mitupu kama hana kwao. Wakanipitia Mwanga. Nilikuwa namshonea mama mmoja gauni, mkono mmoja umeshaingia na mwingine bado. Nilimwacha hapohapo na mkono wake mmoja.

Kibirizi tukaambiwa waliofika asubuhi wamepelekwa bandari kubwa ya mjini. Tukatembea mpaka bandarini. Bandarini tukaambiwa, hapana, wako kule juu kwenye mahema. Tukapanda juu. Kwenye mahema tukaambiwa wengine wamerudishwa Kibirizi wasubiri magari. Jua linachoma, mimi nachechemea, malengelenge yameshatoka, nalalamika kila hatua. Veneranda yuko mbele, anakata upepo. "Twende, Skola, twende! Unatembea kama bibi harusi!" Nikamwambia, "Wifi, wewe hiyo si miguu, ni pikapu." Tukacheka wote wawili.

Tukamkuta ufukweni, amekaa juu ya furushi, amekonda, kichwa amekifunga kitambaa cha njano. Veneranda hakupiga kelele. Alisimama, akaweka mkono mdomoni. Evaline akainua uso. Loo, jamani! Sijui nani alimfikia mwenzake kwanza, nilichoona ni watu wawili wako chini mchangani wanavingirishana, wanalia, wanacheka, na mimi nimewaangukia juu yao. Wauza dagaa waliacha mizani wakaja kupiga vigelegele, hawajui hata tunalilia nini. Bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akaja, akasema kwa upole kwamba wakimbizi wote lazima waandikwe wapande gari. Veneranda akainuka, mchanga usoni. "Huyu si mkimbizi. Huyu ni mwanangu." Yule bwana akamuuliza Evaline maswali mawili matatu kuhusu Kidahwe, akajibiwa kwa Kiha chenyewe cha nyumbani, akatabasamu, akatuachia.

Tulifika kwangu jua bado liko juu. Evaline akasema, "Mama, kaa hapo. Miaka yote hii sijakupa hata maji. Leo nitakuosha miguu." Veneranda akakaa kwenye kiti changu cha wateja, anajidai kama malkia. Evaline akapiga magoti, akafungua kamba za raba, akavuta kiatu cha kulia.

Kiatu kilikuwa kimejaa damu.

Evaline alipiga ukelele mpaka majirani wakachungulia. Chini ya unyayo, pale nyuma ya kidole gumba, kulikuwa kumezama ganda la mise. Liliingia kwenye raba pale mlangoni kwenye lundo, na mwenye mguu alikuwa amelikanyaga kutoka Kibirizi, mpaka bandarini, mpaka kwenye mahema, na kurudi tena. Evaline akalichomoa. Mama yake anacheka! "Mbona mnanililia? Haiumi. Skola mwenye malengelenge ndiye wa kuonewa huruma. Leteni maji ya moto na chumvi, yaishe."

Nikaipua sufuria jikoni, nikamimina kwenye beseni, nikaenda nje kuchota maji baridi ya kuchanganyia. Niliporudi Veneranda alikuwa ameshatumbukiza miguu yote miwili, anamsimulia bintiye nani kaoa na nani kafa. Evaline akaingiza mikono ili amsugue. Aliruka! "Mama, toa miguu! Yanaunguza!"

"Yanaunguza nini? Maji vuguvugu haya."

Nikachovya kidole. Yesu na Maria! Nilikitoa nikakitia mdomoni. Tukamvuta miguu kwa nguvu, ngozi imeshaanza kuvimba, na yeye anatushangaa sisi. Tukatazamana watatu. Hapo ndipo nilipoelewa. Miguu tuliyokuwa tunaipigia makofi haikuwa na uchuma wowote. Ilikuwa haisikii. Sukari ilikuwa imeua hisia zake polepole, na sisi tunashangilia.

Mnadhani alikubali kwenda hospitali? Mnamjua Veneranda? Asubuhi yake alijipaka mawese kwenye kidonda, akafunga kipande cha kitenge, akapanda pikapu na mwanawe kurudi Kidahwe, kwa sababu eti chikichi zimeshachemshwa, zitaharibika. "Kidonda kisichouma kimeshapona," ndivyo alivyotuambia. Akaingia kwenye mashine pekupeku, akazunguka na wenzake.

Siku chache baadaye Evaline alinitumia ujumbe kwa yule dereva: shangazi njoo. Nilipofika, harufu niliipata toka uani. Mguu umevimba mpaka kifundo, ngozi inang'aa, homa inamchoma, na bado anatoa amri za kuni akiwa amelala mkekani. Nikamwambia, "Inuka." Akasema, "Kesho." Nikamwambia, "Wifi, kaka yangu nilimzika kwa mikono hii. Wewe sikuziki kwa sababu ya ganda la mise." Nikageuka, nikachuchumaa, nikamwambia Evaline amnyanyue amweke mgongoni kwangu. Akanitukana kwa Kiha toka mkekani mpaka kwenye pikapu. Nilimjibu matusi yote, hakuna nililolibakiza.

Hospitalini daktari aliuangalia ule mguu, akatuambia wazi: uvimbe ukiendelea kupanda, atakata chini ya goti. Veneranda akasema bora afe. Kulikuwa na nesi pale wa kliniki ya sukari, Sista Sia, Mchaga aliyehamishiwa Kigoma kikazi. Mdomo wake mwepesi kuliko wangu, na hilo si jambo dogo. Akamwambia, "Mama, kufa hatujafika. Daktari atasafisha kidonda, nitakuchoma sindano za kuua vijidudu na za kushusha sukari. Halafu wewe una kazi moja tu. Mguu huu usiguse chini. Si kwenda chooni, si kwenda kanisani, usiguse. Tuone nani mshindi." Akachukua ile dawa ya zambarau, akachora mstari kuuzunguka mguu pale uvimbe ulipoishia. "Uvimbe ukipanda kuvuka hapa, mguu ni wa daktari. Ukishuka, ni wako."

Daktari akakata nyama iliyooza bila ganzi, na Veneranda anamweleza jinsi ya kuchagua mawese mazuri. Mimi ndiye niliyetoka nje kutapika.

Akalazwa mpaka homa ikashuka, kisha wakaturuhusu nikae naye kwangu Mwanga, awe anapelekwa kusafishwa kila siku. Evaline alikwenda Kidahwe kusimamia mashine. Na ule mstari, jamani! Ule mstari ulitutawala. Asubuhi kabla ya sala tunafunua shuka, tunainama vichwa viwili kutazama. Wateja wangu hawaulizi tena nguo, wanaulizia mlangoni, "Fundi, mstari vipi?" Siku ya kwanza nyumbani uvimbe ulikuwa bado umeugusa mstari wenyewe, na mimi siku hiyo nilishona mikono miwili upande mmoja wa blauzi. Siku iliyofuata uko palepale. Nikawa naota mistari. Halafu asubuhi moja nikafunua shuka, nikaona kati ya uvimbe na zambarau kuna nafasi ya kupita kidole. Nilipiga kelele! "Umeshuka! Wifi, umeshuka!" Muuza mkaa wa jirani alidhani nimevamiwa, akaja na chepe.

Sasa ndipo ilipokuja hatari, maana mtu akipata nafuu ndipo kichwa kinapokuwa kigumu. Watu wa makambini walikuwa wanatafuta mafuta kwa wingi, na habari zikamfikia kwamba mnunuzi anakwenda Kidahwe. Nilikuwa sokoni nanunua uzi. Nainua macho, namwona nani? Veneranda! Anachechemea katikati ya mafungu ya nyanya, bandeji imeshakuwa nyeusi kwa tope, anakwenda ilipo pikapu ya mafuta.

"Wewe!" Soko zima liligeuka. "Wewe mwanamke, una wazimu? Unataka wakukate?"

"Niache, Skola. Hauumi. Ungekuwa mbaya ungeuma."

"Na maji yaliyokubabua yaliuma? Na ganda liliuma? Nani alikudanganya kwamba usipolia basi huna jeraha?"

"Miguu yangu naijua mimi!"

"Huijui! Huijui hata kidogo!"

Watu wakajaa, wengine wanacheka, wengine wananiambia nimwonee huruma mgonjwa. Huruma gani? Nilikuwa nalia kwa hasira. Wakati huohuo Evaline akashuka kwenye ile pikapu, amekuja na madumu. Akamwona mama yake, akaona bandeji. Hakugomba. Alikuja akapiga magoti pale kwenye tope la sokoni, akaushika ule mguu, akauinua kutoka chini akauweka kwenye paja lake, mama yake ikabidi anishike mimi bega asianguke.

"Mama," akasema. "Mimi nilitembea toka Uvira mpaka Baraka, kwenye maboti. Miguu iliniuma nikalia njia nzima. Ilipozidi nilisimama, nikaiosha mtoni, nikachana kitenge nikaifunga, nikaendelea. Maumivu ndiyo yaliyonisimamisha, Mama. Ndiyo maana nimekufikia. Wewe ukiumia, nani atakusimamisha?"

Nilikuwa nimemshika Veneranda, nikausikia mwili wake unalegea. Akatazama kichwa cha mwanawe kule chini muda mrefu. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Skola, nibebe." Nikambeba. Safari hii hakunitukana.

Sista Sia alipoona ile bandeji alitugombeza wote watatu, mpaka mimi niliyemkamata mkosaji. Kidonda kilikuwa kimeanza kuharibika tena. Tukaanza upya, na sasa Veneranda alikuwa mtu mwingine. Usimguse mguu na mikono michafu, atakufukuza. Alilala, akasali, akabangua karanga, akanifundisha kazi yangu mwenyewe ya kushona. Kile kioo changu cha wateja nilikilaza sakafuni, naye kila asubuhi anaupitisha unyayo juu yake aone chini na katikati ya vidole, anatafuta mpasuko, lengelenge, chochote. Hata ule mguu mzima. Maji ya kunawa anayapima kwanza kwa kiwiko. Akimaliza anajifuta mpaka vichochoro vya vidole, anapaka mafuta juu na chini lakini katikati ya vidole hapaki, maana Sia alimwambia unyevu ukikaa pale unaozesha. Kucha nilimkata mimi, moja kwa moja, bila kuzungusha pembeni. Nilimkata huku nasema sana, na yeye anasema, "Tazama mkono wako, acha mdomo."

Na siku ile Sia alipofungua bandeji akakuta ngozi imefunga, ngozi mpya, laini, ya rangi ya waridi! Alimwita daktari, daktari akaja, akaminya, akageuza, akasema, "Huu mguu ni wako, mama." Nilipiga vigelegele ndani ya hospitali. Waliniambia ninyamaze, nikapiga vingine. Evaline alimkumbatia Sia mpaka kofia ikaanguka. Veneranda alikuwa analia na anatikisa kichwa, anasema, "Mtoto huyu, mtoto huyu," na sikujua anamsema nani kati yao wawili.

Tukamrudisha Kidahwe siku ya kukamua. Nilifunga cherehani, nisingekosa. Nilimshonea gauni, na miguuni alivaa viatu vipya, vipana mbele, vya kufunika vidole, soli yake ngumu. Kabla ya kuvivaa alivikung'uta, akaingiza mkono mpaka ndani, akapapasa. Kijiji kizima kiko pale. Chikichi zimeshamiminwa, moshi unapanda, wasukumaji wameshika mti, viatu vyao vyote viko mlangoni kama kawaida. Wakapiga makofi, wakamwimbia. Akawapungia mkono, akatembea mpaka mlangoni, na hakusimama. Aliingia na viatu.

Makofi yakakatika.

"Mama Eva," mzee Isaka akasema, anacheka kidogo, "umesahau. Viatu."

"Sijasahau."

"Sasa, si wewe uliyemfukuza yule kijana wa Simbo kwa sababu ya ndara? Miguu ya chuma imekuwaje?"

Watu wakacheka. Mimi nikafungua mdomo nimjibu, na nilikuwa na majibu mazuri sana. Veneranda akanizuia kwa mkono. Akaenda akakaa kwenye gogo karibu na moto, mahali ambapo kila mtu anamwona. Akavua kile kiatu cha kulia, akanyoosha mguu juu, unyayo umewaelekea watu, na lile kovu la rangi ya waridi linaonekana. Nilijua anavyoipenda ile sifa. Nilijua ndiyo pekee aliyobaki nayo, siku zile kaka alipokufa na wanaume wakimsubiri aanguke.

"Haikuwa chuma," akasema. "Nilikuwa sisikii. Moto sisikii, maganda sisikii, hata sasa hivi sijui kama nimeumia. Evaline, njoo uniangalizie."

Evaline akaja, akapiga magoti, akaanza kupapasa kidole kimoja kimoja, mbele ya watu wote. Mafuta yalikuwa yanachuruzika tu kwenye ndoo. Mimi machozi yamenijaa, nimevimba kwa fahari, natafuta mtu wa kumkumbatia.

Mzee Isaka akauachia ule mti. Alisimama pale akitazama unyayo wa Veneranda, kisha akatazama chini, kwenye miguu yake mwenyewe, imesimama juu ya maganda.

"Mama Eva," akasema, na hakuwa anatania. "Mimi ni mguu wa kushoto. Hausikii toka masika."

Veneranda akasogea kwenye gogo, akampisha nafasi.

"Kaa hapa," akamwambia. "Lete huo mguu."